Maiti wa Tatu

Mabua ya mahindi yakichomwa yana harufu yake, na aliyekulia kijijini kwetu Kwanza, karibu na Kitale, hahitaji kuelezwa. Kila Februari, kabla trekta hazijaingia shambani, moshi ule ulitanda toka boma hadi boma, ukaingia kwenye sweta za shule, kwenye nywele, hata kwenye uji wa asubuhi. Katika msimu mmoja wa moshi huo, nikiwa darasa la saba, nilisalitiwa, nikalipiza kisasi, kisha nikafa jukwaani mbele ya ukumbi mzima wa Kitale. Nasema nilikufa, na nilikufa vizuri. Wengine wakisimulia utoto wao hujifanya walikuwa malaika. Mimi sikuwa malaika, na sitaanza leo.

Mwalimu Barasa, aliyetufunza Kiswahili, alikuwa ametunga mchezo kwa ajili ya tamasha la shule. Ulikuwa tanzia hasa. Malkia anasalitiwa na ndugu yake wa tumbo moja, ambaye anawauzia maadui siri ya lango la ngome. Mume wa Malkia anauawa, watoto wanauawa, yote nyuma ya pazia. Malkia halii. Anamwalika yule ndugu kwa chakula cha upatanisho, anatia sumu kwenye kibuyu cha pombe, na ili ndugu asishuku, anakunywa yeye kwanza. Wote wawili wanakufa. Siku ya kuchagua waigizaji nilisoma maneno ya Malkia, darasa likanyamaza. Nilipewa mimi. Nani mwingine angepewa? Hata Naliaka, rafiki yangu tuliyeketi dawati moja tangu darasa la kwanza, alinipigia makofi. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mtoto wa miaka kumi na mitatu haangalii nguoni.

Baba alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, mtu mkali mwenye sauti ya kufukuza nyani shambani. Jioni tuliketi nje ya ghala tukipukuchua mahindi kwa mikono, na yeye ndiye aliyenifunza maneno yangu. Mimi nasema mstari wa Malkia, yeye anajibu kama ndugu msaliti, gunzi mkononi, kwa Kiswahili chake kizito cha Kabuchai, alikozaliwa. "Usiharakishe, Mama," aliniambia. Aliniita Mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. "Malkia hana haraka. Mwenye haraka ni mwizi." Nilicheka mpaka punje zikanimwagika. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: baba aketi ukumbini Kitale, anione nimevaa taji.

Wiki tatu kabla ya tamasha, Mwalimu Barasa aliniita kando. "Nekesa, baba yako ameleta neno. Ati hataki binti wa mzee wa kanisa afunze watu kisasi. Nimemheshimu. Naliaka atakuwa Malkia, na wewe utakuwa mjakazi." Mjakazi! Mjakazi hakuwa na hata neno moja la kusema. Kazi yake ilikuwa kuleta kibuyu na kusimama pembeni. Niliamini, na nilikuwa na sababu. Jumapili iliyopita baba alikuwa amekemea kanisani disko matanga, ile miziki ya kukesha kwenye vilio, mpaka vijana wakainamisha vichwa. Nikajiambia, kumbe ndivyo alivyo, nyumbani ananifunza na shuleni ananikataza. Kwetu neno la baba halikuulizwa mara mbili. Mimi sikuliuliza hata mara moja. Nilinuna. Wiki tatu nzima nilimwitikia "ndiyo" na "hapana" tu. Akileta debe la mahindi, nasema nina kazi ya shule. Jioni moja aliuliza, "Mama, Malkia ameenda wapi?" Nikamwambia amechoka, nikaingia ndani. Akapukuchua peke yake.

Jumapili ya mwisho, baada ya ibada, Mwalimu Barasa alimshukuru baba kwa kuniruhusu angalau kuwa mjakazi. Baba akashangaa. "Mimi nilikataa nini? Nani amekuletea hayo?" Mwalimu akasema ni Naliaka, aliyekuja na ujumbe asubuhi moja, wala hakuona ajabu, kwani ujumbe wote kati ya shule na nyumbani ulibebwa na watoto. Nilikuwa nimesimama papo hapo. Baba akasema tuache, siku zimebaki tatu, msichana yule ameshayajifunza maneno, tusiharibie shule nzima. Yeye aliacha. Mimi niache? Thubutu!

Kwetu kuna majani tunayoyaita mululusia. Nyanya hukuchemshia ukiumwa na tumbo, na uchungu wake utaukumbuka hadi uzeeni. Nilichemsha sufuria nzima. Mazoezini kibuyu kilikuwa kitupu siku zote. Siku ya Kitale kilijaa. Nilipanda jukwaani nimejifunga leso, nikijiambia leo Malkia atatapika mbele ya waamuzi. Naliaka akakipokea, akakiinua, harufu ikampata. Mtoto gani wa kwetu asiyeijua harufu ile? Akanitazama. Kisha, kwa utulivu ambao hata mimi sikuwa nao, akasema maneno ambayo mwalimu hakuyaandika: "Kwetu anayeleta kinywaji huonja kwanza. Onja, mjakazi wangu."

Ukumbi ukaguna kukubali, maana desturi ndiyo hiyo, hupeleki pombe kwa mgeni bila kuionja mwenyewe. Ningefanyaje? Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikunywa. Na mjakazi aliyekunywa sumu hana budi kufa, kwa hiyo nikashika tumbo, wala sikuwa naigiza, nikaanguka. Naliaka naye, sitamnyima haki yake, alikunywa mafunda matatu bila kukunja uso. Wafula, aliyeigiza ndugu msaliti na ambaye hakuwa na kosa lolote, alimeza funda moja akapiga ukelele, "Mama yangu wee!" Mchezo wa maiti wawili ukawa na maiti watatu.

Kabla Malkia hajafa alikuwa na hotuba ndefu. Niliisikiliza nikiwa nimelala sakafuni, shavu kwenye mbao, jicho moja wazi kidogo. Kwa jicho hilo nilimwona baba safu ya pili, amevaa koti lake la kanisa, na midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anasema maneno ya Malkia, yote, bila kutoa sauti, na hakuharakisha. Nilidhani alijua maneno ya msaliti tu. Aibu iliyonishika pale ilikuwa chungu kuliko yale majani. Nikalia, maiti mzima, machozi yakinitiririka hadi sikioni.

Hatukushinda. Nyuma ya ukumbi, mimi na Naliaka tulitapika kando ya ua mmoja. Nilimwita mwongo, naye akaniita mchawi. Kisha akasema, "Wewe uko na baba wa kukufunza maneno. Mimi pale kwa shangazi hata hawajui niko darasa gani. Nilitaka nikuwe Malkia siku moja tu, bana." Nikampa ncha ya leso yangu ajipanguse mdomo. Tulisameheana pale pale, na mpaka leo ni rafiki yangu, ana duka la vitambaa Bungoma na ulimi wake haujapungua makali.

Mimi nami niko Bungoma, katika ofisi ya serikali, na kila siku watu huja mezani kwangu na kesi zao: ndugu amekataa hiki, shemeji amesema kile. Nawauliza, "Alikuambia mwenyewe?" Wengi hutazama sakafu. Uongo wa Naliaka ulitembea kwa miguu kutoka dawati letu hadi kwa mwalimu. Wa leo hufika kabla chai haijapoa, na simu ya kuuliza ukweli iko mkononi mwa mtu huyo huyo. Bado hatuulizi. Nawagombeza, tena kwa sauti, kisha nakumbuka kwamba aliyenidanganya nilimsamehe siku hiyo hiyo, ila niliyemhukumu bure sikuwahi kumwomba msamaha.

Mwaka jana nilikwenda Kwanza nikamwomba. Baba sasa ni mzee, anasikia kwa sikio moja, ikabidi niketi upande ule na kuyasema yote kwa sauti, kuanzia ujumbe wa Naliaka mpaka zile wiki tatu za kununa.

"Kumbe ilikuwa hiyo," akasema. "Sikujua nawe uliuamini ujumbe ule." Akatikisa kichwa. "Mimi nilidhani unaona haya vile naongea Kiswahili."

Miaka hiyo yote. Na yeye pia hakuuliza.