Pipa la Fundi Subiri

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, ni fundi bomba. Bomba likipasuka kwako, hujamaliza kumweleza kwenye simu yuko mlangoni na spana. Lakini kwa bia anayoipika mwenyewe kwenye stoo, watu walimbandika jina la Subiri. Ukimwomba glasi: "Subiri, itulie kwanza." Nilimwambia binti yangu, huyu hata malaika mtoa roho atamwambia asubiri.

Na pua yake, msinibishie. Husikia hamira ikinuna ndani ya pipa hata akiwa chini ya sinki la watu mtaa wa pili. Siku moja alimwacha mteja maji yanaruka hadi darini, akakimbia nyumbani kulifunika pipa blanketi. Mteja alipona kwa kupanda juu ya kabati. Najua, maana juu ya kabati nilikuwa mimi.

Aliyemfundisha kupika bia ni dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea. Dada huyo, mgonjwa mgonjwa, alikuwa amehamia mbali kwa mwanawe. Baa yetu ya kona, ndogo hivi kwamba ukipiga chafya povu la jirani linaruka, ilipotangaza tamasha la bia, kila mpishi na pipa lake, dada akatuma salamu: "Nakuja. Nataka nionje mkono wako kabla ulimi wangu haujafa."

Sasa, pipa likisafiri, machicha yaliyolala chini huamka, bia ikawa kama maji ya mtaro. Sharti lilazwe kutwa nzima ndipo lifunguliwe. Wenzake walipeleka yao jana yake. Yeye akaogopa walevi wasije wakaliiba usiku, akalisukuma asubuhi ileile kwa mkokoteni, juu ya mawe na mashimo, akilibembeleza kama mtoto mwenye homa.

Dada akafika mchana, kashikwa mkono na mwanawe. Akaketi karibu na pipa, mkoba mapajani. Sisi tukaonja: bia nyeusi, bia ya asali, na nyingine chungu hadi meno yangu yaliyobaki yakaomba ruhusa ya kutoka. Dada hakugusa kitu. "Naanza na ya mdogo wangu."

"Bado, dada. Itulie."

"Nimetoka huko kote nije kuitazama ikilala?"

"Kidogo tu, dada yangu."

Mwanawe akachungulia mlangoni. "Mama, gari linaondoka. Dereva hatungoji tena."

"Basi nipe hivyohivyo, na machicha yake," dada akamwambia ndugu yake. "Nimekufulia nepi mimi. Unaniogopesha na tope la pipa?"

Subiri akajaza glasi, akaiinua dirishani, akaona ukungu. Akaimwaga kwenye ndoo. Akaimwaga!

"Baba, mpe mwenzio anywe," nikamwambia.

"Siwezi, mama. Nimpe dada yangu uchafu? Mwakani nitampa iliyo safi."

Dada akacheka kidogo, akamfuta povu vidoleni kwa leso yake, akaenda zake.

Jioni bia ikatulia. Iling'aa hata ungeweza kusoma gazeti kupitia glasi. Mimi sijui kusoma, nikasoma. Watu wakaipa ushindi. Mwenyewe hakuionja.

Dada tulimzika kabla ya mwaka kwisha.

Siku hizi kwenye tamasha, pipa la Subiri likishushwa tu, bado linachezacheza, mwambie, "Fundi, mimi naondoka," anakumiminia hapohapo, liwe tope liwe nini. Walevi wameshalijua. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta huja na begi tupu begani: "Fundi, nasafiri mie!" Yeye anajua anadanganywa. Anajaza.

Mwaka huu nami nikavaa viatu vya safari. "Mkwe, naondoka."

"Unakwenda wapi, mama?"

"Sijajua bado."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alinijazia hadi povu likanichuruzika mkononi, akasimama palepale mbele yangu, koki inadondosha bia na watu wanampigia kelele, asiondoke mpaka nimeimaliza yote, na machicha yake.