Ndege Haikule Njiani

Siku uvumilivu wangu ulipokatika naikumbuka vizuri, mwanangu. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu, umelala. Nyanya yako, mama wa baba yako, alikuwa akifunga muhogo na maharagi katika majani ya mgomba. Baba yako alikuwa anarudi kwa ndege, kisha kwa lori, kutoka hospitali ya Leopoldville, mguu umepasuliwa, na wadogo zake wanne walikuwa waende kumngoja Sake, lori linapoishia, na kipoyi, kile kiti cha kubeba mgonjwa mabegani, maana lori halifiki kwenye kilima chetu.

Sisi watu wa Masisi njia tunaipima kwa chakula. Kwenda Sake ni kifurushi kimoja kwa mtu, Pinga ni vitano. Nyanya yako alikuwa amefunga vitatu kwa kila mtu.

"Mama, hii yote ya nini?" nikafoka.

"Mukamwana," akaniita, ndivyo tunavyomwita mke wa mwana, "Leopoldville iko mbali."

Mimi nilisoma sekondari ya misioni. Nilikuwa nimeweka rula juu ya ramani, nikagawanya kwa mwendo wa ndege, nikapata saa sita. Saa sita!

"Leo kabla ya jua kuzama atakuwa Sake! Ndege haikule njiani!"

Waliokuwa uani wakacheka. Shemeji yangu mmoja wa wale wanne akaongeza, "Mama anataka kulisha chuma muhogo!" Nikatia mkono kikapuni, nikatoa vifurushi vinane, nikabakiza vinne. Nyanya yako alijifuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga.

Ndege ililala Stanleyville kwa sababu ya mvua. Ikalala tena. Rula yangu haikuonyesha mvua. Wale wanne walingoja Sake siku mbili, ya pili bila kula, wakarudi wakidhani safari imevunjika. Siku ya tatu baba yako alishuka kwenye lori, hakukuta mtu. Akapanda kilima na fimbo, akafika mshono umefunguka. Mpaka leo unamwona anavyochechemea.

Nilikasirika, na niliwakasirikia wao! Nikaandika mashtaka kwa baraza la wazee wa kanisa: wanaume wanne wamemwacha mgonjwa. Nikasimama kuyasoma mbele ya watu. Yule shemeji wa mzaha akaniuliza polepole, "Shemeji, ulituachia chakula ya siku ngapi?"

Nyanya yako alikuwa kwenye benchi ya mbele. Angeweza kuwaambia wazee nani alitoa vile vifurushi. Alitazama chini, ananihurumia, na hiyo njo iliniumiza zaidi.

Mwanangu, sijazeeka, ni aibu imenizeesha. Soma sana, upime na rula pia, lakini usitoe kitu katika kikapu cha mtu aliyeitembea njia kabla hujamuuliza. Mungu akupe macho ya kitabu, na akuongezee masikio ambayo mimi sikuwa nayo.

Siku ile niliomba kalamu, nikafuta majina manne. Mashtaka niliyoyaacha mezani ni haya: "Namshtaki mwanamke aliyefanya mama mkwe wake achekwe mbele ya watu, akapunguza chakula cha safari, na mume wake akatembea na kidonda. Mwanamke huyo ni mimi. Naomba baraza linihukumu."