Kompyuta ya Dalali Hujizima Saa Nane

Msije mkamsingizia fundi cherehani huyu kuwa alizaliwa mwoga. Alikuwa mwanamke wa kumfukuza nyoka kwa ufagio huku akiendelea na hadithi yake. Woga ulimwingia siku moja tu, pale mnadani, alipompelekea mumewe chakula cha mchana. Alimkuta amesimama juu ya meza, kipaza sauti mkononi, ananadi kabati la nguo na kulisifia uongo mtupu, watu hoi kwa kicheko. "Mara ya kwanza!" akaita. "Mara ya pi..." Basi. Mdomo ukaenda upande, kipaza sauti kikaanguka, na Dalali mwenyewe akakifuata. Kilikuwa kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea moja kwa moja, na ile sauti iliyowalisha miaka yote haikurudi tena.

Sauti aliyoipata badala yake ilikuwa ya kompyuta kuukuu waliyomchangia wenzake wa mnadani. Dalali anaandika kwa kidole kimoja cha kushoto, nayo inasoma kwa sauti kila neno, kama mtu aliyemumunya kiazi cha moto. "Fundi," inasema kutoka sebuleni, "chai hii umeitia sukari au umeionyesha tu?" Fundi chumbani anacheka mpaka uzi unamkatikia. Lakini mashine ikinyamaza kidogo tu, mguu wake unasimama juu ya pedali, anatega sikio.

Daktari alikuwa amemwambia waziwazi kuwa ugonjwa huu hupenda kurudi. Mgonjwa apumzike mchana, presha isipande. Apumzike wapi, jamani! Dalali alikuwa anabishana mpira na wenzake kwenye hiyo kompyuta kutwa nzima, macho mekundu.

"Lala kidogo, mume wangu."

"Nitalala sana nikifa," ikajibu mashine.

Maneno yale yalimkata maini. Kesho yake akamwita mtoto wa dada yake, binti anayefanya kazi ofisi yenye kompyuta nyingi.

"Kwetu zinazimwa na programu, Mama mdogo," binti akamweleza. "Unaipangia saa. Saa ikifika inatoa onyo, halafu inazima yenyewe."

"Akiona onyo si ataizuia?"

"Ataizuia."

"Basi isimwonye. Na wewe usimwambie."

Binti akaguna, lakini mkubwa ni mkubwa. Akaiweka Dalali akiwa bafuni.

Saa nane ilipofika, pap! Mashine ikakatika katikati ya neno. Fundi akaingia na uso mkavu. "Imechoka hiyo, nayo imezeeka. Twende ukalale." Dalali akakitazama kioo kimezima, akamtazama mkewe, akakubali kushikwa mkono. Ikawa hivyo kila siku.

Na dawa ikaonekana kufanya kazi. Dalali akaacha ubishi wa mpira. Akaanza kuandika kidogo kidogo, "chai," "asante," "ndiyo," na utani ukapungua mpaka ukaisha. Fundi akamshukuru Mungu kwamba sasa mumewe anapumzika. Lakini walipokwenda zahanati nesi alipima presha, akakunja uso, akapima tena.

"Imepanda sana. Kuna kitu kinamsumbua nyumbani?"

"Hakuna," Fundi akasema.

Sasa mwoga akizidiwa na woga hufanya nini? Huongeza kilekile alichokuwa akifanya. Akamwomba binti airudishe saa nane iwe saa sita, mzee apumzike zaidi. Akili hiyo!

Siku ya kwanza ya saa sita ikamkuta Fundi hayupo nyumbani. Alikuwa amepeleka mapazia kwa mteja, na mteja mwenyewe ni wa kupima pindo kwa rula. Hili limepinda, lile halikupinda, mara adhana ya saa sita hiyo. Fundi akaacha mapazia na ujira wake akatoka mbio, kanga mkononi. Tangu apange ile saa hakuwahi kumwacha peke yake ikifika.

Alipofungua mlango hakusikia kitu. Dalali alikuwa kitini mbele ya kioo cheusi, shati limelowa jasho. Alikuwa anajipapasa mdomo kwa mkono wa kushoto, pembe hii na pembe ile, kutazama kama umekwenda upande tena. Kisha akauinua mguu mmoja, akaushusha, akauinua mwingine.

Fundi akaelewa yote palepale. Akaiwasha mashine.

"Inanikata kama siku ile mnadani," ikasema. "Kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe mwoga. Na mashine inakufa. Nikawa ninabania maneno, yasiniishie."

Fundi akapiga magoti. "Haifi, Dalali. Mimi ndiye ninayeizima." Akamwambia yote, la binti na la saa, bila kujitetea. Fundi alitamani atukanwe tu yaishe.

"Ungeniambia, Fundi."

"Ungekataa."

"Ningekataa. Lakini nisingekuwa ninakufa kila mchana."

Programu haikuondolewa, na aliyekataa iondolewe ni Dalali mwenyewe. Alitaka saa yake irudi kuwa nane, na onyo liwepo, kwa maneno yake. Binti akaiandika kama alivyoelekezwa. Kompyuta isizime mpaka Dalali abonyeze kwa kidole chake. Kisha akampa mkewe sharti moja: asije mbio, asubiri aitwe.

Basi kila siku ikifika saa nane, mguu wa Fundi unasimama juu ya pedali.

"Mara ya kwanza," inaita mashine sebuleni. Fundi anaacha kushona.

"Mara ya pili." Hapo anang'ang'ania kitambaa kwa mikono yote miwili. Kimya kinakuwa kirefu. Pengine Dalali anamchezea tu, pengine kidole ni kizito leo, pengine ndiyo yenyewe. Hana namna ya kujua. Aliahidi hatainuka, na hainuki.

"Mara ya tatu. Imeuzwa, Fundi. Njoo unilaze."