Mguu Uliofungwa Kama Gunia la Mpunga

Pumba za mpunga zikiungua hazitoi moto wa maana. Zinafuka tu, taratibu, siku nzima, na moshi wake ukishaingia kwenye sare ya shule hata ufue kwa sabuni mche mzima bado utanuka kama mtu aliyelala jikoni. Uwanja wetu wa netiboli pale Mlabani ulipakana na mashine za kukoboa, na ukifika mwezi wa sita, mpunga unapomiminika Ifakara kutoka Namawala, Mchombe na kila kona ya bonde, nyuma ya goli letu kulikuwa na kilima cha pumba kinachofuka bila kupumzika. Tulifanya mazoezi ndani ya moshi huo, macho mekundu kama ya walevi, huku wanaume wakipita na baiskeli zilizobebeshwa magunia mpaka zinalia. Nilikuwa darasa la sita, nina miaka kumi na miwili, miguu mirefu kuliko akili, na nilikuwa mlinzi wa timu ya shule. Hakuna mfungaji aliyefurahi kuniona.

Niseme ukweli wangu mapema ili asitokee mtu wa kunisaidia kuusema: sikuwa mtoto mwema. Niliwahi kumtia chura kwenye boksi la chaki la mwalimu wa hisabati. Niliwahi kuigiza sauti ya katekista mpaka watoto wakaitikia sala ambayo haijawahi kuwepo. Na msimu wa kuamia ndege shambani niliwahi kudai nina malaria, kwa sababu katika bonde hili ukisema una malaria hakuna anayebisha, halafu saa nne asubuhi nikakutwa sokoni nikimenya muwa. Kwa hiyo jina nilikuwa nalo. Baba na mama walikuwa Namawala kwenye kibanda cha shamba wakivuna, kama wazazi wa nusu ya darasa letu, na mimi niliachwa mjini kwa mama mdogo Odilia, ambaye alikuwa na watoto watatu wa kwake na subira ya mtoto mmoja.

Mwalimu wetu wa michezo aliitwa Mwalimu Deo. Yeye Mngoni, sisi kwetu Wapogoro, kwa hiyo tulikuwa watani, na utani wake ulianza kabla ya salamu kuisha. Mimi nampa shikamoo, yeye ananipa marahaba na tusi juu yake. "Nyie Wapogoro," alikuwa anasema, "miguu yenu iliumbwa ya kupandia milima ya Mahenge tu, kwenye tambarare mnapotea." Nami namjibu kwamba babu zake walikuja mbio kutuvamia, kumbe walikuwa wamesikia harufu ya wali. Alikuwa anacheka mpaka anajifuta machozi. Nilimpenda, na siandiki hivyo kwa kumpaka mafuta. Nilimpenda kwa sababu alikuwa mtu mzima pekee aliyeniona ninachekesha badala ya kuniona ninasumbua.

Wageni fulani waliwahi kupita shuleni wakaacha boksi la vifaa: mipira miwili, jezi, filimbi, na roli tatu za plasta nyeupe ya michezo, ile ngumu isiyovutika, wanayojifungia wachezaji kwenye vifundo vya miguu ili visipinduke. Tulikuwa tumewaona kwenye runinga wamefungwa hivyo, wanang'aa. Mipira ilitoboka, jezi zikapauka, filimbi ikamezwa na droo. Plasta peke yake ilibaki imefungiwa kabatini kama mvinyo wa misa. Hakuna aliyeonyeshwa namna ya kuitumia. Hata Mwalimu Deo hakuonyeshwa, na wala hakuuliza, maana katika nchi hii mwalimu akiuliza anaonekana hajui.

Wiki ya mashindano, kwenye mazoezi ya mwisho, niliruka kudaka mpira nikatua kwenye shimo. Mguu wa kulia ukapindukia nje. Nilisikia kitu kikiachia ndani, kama uzi wa gunia unavyokatika, na kabla sijamaliza kupiga kelele kifundo kilishaumuka kama andazi. Gaudensia, rafiki yangu, ambaye sote tunamwita Gau, akanishika kwapani akanikalisha kwenye tofali. Mwalimu akaenda mbio kabatini, akarudi na roli.

Sasa nielezeni ninyi, mnaolijua bonde hili: ni nani hapa asiyejua kufunga gunia? Unalijaza mpunga mpaka lipite mdomo wake, unalishona, unalipandisha kwenye keria ya baiskeli, unaliwekea goti, unavuta mpira wa kufungia mpaka gunia lenyewe ligune. Lisipoguna, halijafungwa, litakuangukia njiani. Mkono wa Mwalimu Deo ulikuwa unajua kufunga kwa namna hiyo moja tu. Aliuweka mguu wangu, ulio katikati ya kuvimba, juu ya paja lake, akaanzia chini ya vidole akazungusha, akavuta, akazungusha, akavuta, bila soksi, bila kitambaa, juu ya ngozi yenye vumbi na jasho, mpaka katikati ya muundi. Kila nilipoguna aliridhika. Alipomaliza akaupiga kofi. "Huo haupinduki tena hata ukikanyagwa na trekta. Na plasta usiitoe. Timu ina watu kumi na wawili, plasta ndiyo hiyo. Ukiitoa, huna namba." Mashindano yalikuwa ya siku tatu. Wachezaji wazuri wangechaguliwa kwenda Morogoro mjini kwenye timu ya mkoa, na mimi sikuwahi kuvuka hata daraja la mto Kilombero. Nikaapa sitaitoa.

Jioni ile, nisidanganye, niliringa. Nilizunguka mtaa mzima nikichechemea zaidi ya ilivyohitajika. Watoto waliuita "mguu wa selotepu". Gau aliandika jina lake juu yake kwa kalamu. Nilioga nimeuning'iniza nje ya bafu la makuti kama mtu anayekausha nguo. Asubuhi vidole vilikuwa vya baridi, vina rangi ya zambarau iliyoanza kuiva, na nilipovikuna nilihisi namkuna mtu mwingine.

Nikamwambia mama mdogo. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata kichwa. "Vidole vimekufa ganzi? Na ile malaria ya muwa imepona?" Watoto wake wakacheka. Nikaenda uwanjani, nikamwambia mwalimu, mbele ya timu nzima: "Mwalimu, vidole sivisikii." Akainama, akatega sikio kwenye mguu wangu, akatulia kidogo kama daktari, kisha akasema, "Hata mimi sivisikii. Vinasemaje?" Timu ikaanguka chini kwa kicheko. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo kuliko mengine yote: nilicheka. Kichekesho kilikuwa kizuri, na mimi kichekesho kizuri sijawahi kukinyima haki yake.

Nilicheza siku ya kwanza na ya pili. Nilikuwa nakanyaga kama mtu aliyeazima mguu na anaogopa kuuharibu. Siku ya pili jioni plasta ilianza kutoa harufu, si ya gundi tena, na nikamfuata mwalimu pembeni, peke yetu, bila hadhira. "Mwalimu, nakuomba, mguu unanuka." Akaniangalia kwa huruma ya kweli, akanipiga begani. "Mtani, Mpogoro gani hanuki miguu? Kaza roho, kesho fainali." Basi. Ukishazoeleka kwa mzaha, hata machozi yako watu wanayasubiria mwisho wake ili wacheke. Nikakaza roho. Siku ya tatu tukashinda, nikabebwa juu juu, moshi wa pumba ukitupuliza usoni, na jina langu likasomwa kati ya wanaokwenda Morogoro.

Gau akanipakia kwenye keria ya baiskeli ya kaka yake twende nyumbani. Tulikuwa tunaimba. Ghafla baiskeli ikakwama, ikalia tatatata, tukaruka wote mtaroni. Nilidhani tumepita juu ya tawi. Gau ndiye aliyepiga ukelele, akiwa ameshika kichwa. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umeingia kwenye spoku za gurudumu la nyuma. Spoku mbili zilikatika, moja imechoma kando ya kidole kidogo, damu inatoka kidogo kidogo, nyeusi. Na mimi nilikuwa nimekaa pale mtaroni namuuliza Gau analia nini.

Pembeni ya barabara alikuwepo fundi baiskeli, mzee ambaye hakunijua wala sikumjua. Alikuja kuangalia gurudumu, akaishia kuangalia mguu. "Mjukuu, umeingiza mguu kwenye spoku na hulii?" Nikamwambia siusikii, nikasubiri acheke. Hakucheka. Alibonyeza ukucha wa kidole gumba, akaachia, akatazama. Akabonyeza tena. Kisha akaniambia nimkumbatie rafiki yangu na nisitazame, akachukua wembe wake wa kukatia mipira ya ndani akaichana ile plasta kutoka juu mpaka chini. Ngozi ilitoka nayo. Harufu iliyotoka pale ilimfanya Gau ageuke atapike. "Hata tairi," yule mzee alisema, kama anajisemea mwenyewe, "ukilijaza kupita kiasi linapasuka. Nani kakufanyia hivi?" Watu husema asiyekujua hakuthamini. Mimi katika siku tatu zile nilithaminiwa na mtu mmoja tu, na ndiye peke yake ambaye hakunijua.

Nililazwa wiki tatu. Kidonda kilizunguka nyuma ya kisigino na juu ya kifundo, na usaha wake ulitosha kunifundisha hesabu ya vijiko. Mama aliuacha mpunga umelazwa shambani akaja na matope bado miguuni. Timu ilikwenda Morogoro na mlinzi mwingine. Na kila aliyekuja kuniona, mama mdogo akiwa wa kwanza, alikuja na methali ileile mkononi kama chungwa la mgonjwa: mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Nilitamani kuuliza, lakini mtoto haulizi: mzaha ulikuwa wa nani, na usaha ulikuwa wa nani? Mwalimu Deo alikuja na juisi na biskuti. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akautazama mguu, akautazama ukuta, kisha akasema maneno ambayo nikiyakumbuka hata sasa meno yananigongana. "Lakini mtani, si ungesema?"

Nilisema mara tatu. Hesabuni.

Sasa niko kidato cha tatu. Vidole viwili vya mwisho havijarudi, na kifundo kinapinduka hata kwenye sakafu ya kanisa. Sichezi, ila nawafunga wanaocheza. Nesi aliyekuwa ananisafisha kidonda alinifundisha, na mengine nimejifunza kwenye simu ya Gau: mguu unaovimba haufungwi hivyo, unapumzishwa na kuonyeshwa kwa mganga, ngozi inaoshwa na kukaushwa, plasta inakatwa vipandevipande, haizungushwi kama kamba, vipande vinapita chini ya kisigino na kupanda pande zote mbili mithili ya kikuku anachokanyagia mpanda farasi, vidole vinaachwa wazi, unabonyeza kucha na kutazama damu ikirudi, mchezo ukiisha, inatoka. Basi! Dakika kumi za kuuliza zingetosha. Ninapowafunga huwa nawatania, sijaacha, siwezi kuacha. Lakini mtu akiniambia "imebana", mzaha unaishia hapohapo na nabandua. Hata kama najua anadeka. Hata kama ni mwongo kuliko mimi. Afadhali nipoteze plasta.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye sherehe ya kipaimara ya mdogo wake Gau. Mwalimu Deo alikuwepo, tumbo limeongezeka, akapewa kipaza sauti aseme neno la nasaha, akatoa nasaha ya dakika moja na utani wa dakika kumi. "Mnamwona yule Mpogoro wangu pale? Huyo nilimfunga mguu kama gunia, akauingiza kwenye spoku, hana habari! Hawa watu hata ukiwachoma moto wanauliza nani anachoma mahindi!" Watu walicheka mpaka soda zikawatoka puani. Mama yangu naye alicheka, kwa adabu. Kisha wote wakanigeukia, kwa kuwa utani ni zamu, na zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa na majibu matatu tayari. Moja lilihusu lile tumbo, na nawahakikishia lingeivunja sherehe mbavu.

Nikasimama. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mtani! Leta!"

"Nilikwambia mara mbili kwamba mguu umekufa. Ukanichekesha. Naomba uniombe samahani."

Mama akanivuta sketi. "Kaa chini, unatuaibisha. Mtani hakasirikiwi."

Mwalimu alicheka kidogo, akaitazama meza kuu kama anatafuta mtu wa kucheka naye, hakumpata. "Haya," akasema, "haya basi, pole, mtani wangu."

Pole! Pole hupewa aliyejikwaa mwenyewe. Pole nimepewa na wauza vitumbua. Yule mtoto wa darasa la sita niliyekuwa mimi angeipokea pole hiyo, angetupia na kichekesho juu yake ili mtu mzima asione aibu, kisha angekaa ale pilau. Alikuwa anaogopa kwamba asipochekesha hatapendwa. Mimi namkasirikia na yeye pia, kidogo.

"Siyo pole, Mwalimu," nikasema.

Mshereheshaji akawahi kuongeza muziki, akaita keki. Watu wakarudi kwenye sahani zao, wananitazama kwa pembe za macho. Mwalimu Deo alibaki ameshika kipaza sauti kifuani. Mama alinivuta tena. Mguu wangu ukaanza kutetemeka, kama unavyofanya nikisimama muda mrefu, nami sikukaa.