Kona Tatu za Kwenda Bondeni

Harufu ya petroli ikichanganyika na udi hunikuta popote nilipo, nami nimehamahama miji mingi. Juzi ilinikuta Makadara. Pikipiki ya abiria ilinipita, imempakia mwanamke aliyekaa miguu upande mmoja, buibui amelikusanya mapajani. Kwenye kona dereva aliinama, na mwanamke akainama naye. Nilisimama pale hadi mwenye duka akaniuliza kama nimepotea.

Baba yangu alikuwa karani wa ghala Shimanzi, na alikuwa na pikipiki nyekundu aliyoifuta vumbi mara nyingi kuliko tulivyofutwa sisi nyuso. Kila Ijumaa baada ya alasiri alitupakia kwenda Bondeni, kwa bibi mzaa mama. Mimi nilikaa mbele juu ya tangi, lililonichoma mapaja kama pasi. Mama alikaa nyuma, miguu upande mmoja, akinukia udi.

Toka kwetu Mji wa Kale hadi kwa bibi kulikuwa na kona tatu kali: ya fundi cherehani, ya muuza kahawa na ya msikiti. Nilijua kuinama kabla sijajua kusoma. Pikipiki ikilalia upande, nawe lalia upande uo huo. Ukijikaza kwenda upande wa pili, inakataa kukata kona.

Mama alijikaza.

“Mama Zuhura, inama nami,” baba alimwambia kila kona. “Umekaa kama nguzo ya stima.”

“Mimi sikuolewa nije nilazwe barabarani,” mama alijibu, na muuza kahawa akacheka hadi vikombe vikalia mkononi mwake.

Ijumaa moja pikipiki ilikataa kabisa kona ya msikiti. Tulikwaruza ukuta, na kiwiko cha baba kikachunika. Hakuna aliyecheka. Tangu hapo nyumba yetu ilinyamaza. Wazee wangu walizungumza kupitia kwangu: mwambie babako chai tayari, mwambie mamako sinywi. Nami nikakata shauri kwamba ugomvi wote watokana na zile kona. Mama akijua kuinama, yatakwisha.

Basi nikawa mwalimu wake. Alipokaa juu ya mbuzi kukuna nazi, nilisimama mbele yake nikinguruma kama injini, nikimwonyesha: kulia, kushoto, kulia. Alinitazama, akaendelea kukuna.

Kisha asubuhi moja baba alitupakia, na haikuwa Ijumaa. Mama alikuwa na furushi mapajani. Kwenye kona ya fundi cherehani pikipiki ililala laini, kama maji yanayofuata mfereji. Ya muuza kahawa vivyo hivyo. Ya msikiti tuliinama chini kabisa, na baba hakusema neno. Moyo wangu ulijaa. Nilimfundisha mimi.

Bibi alipofungua mlango sikungoja hata kumwamkia.

“Bibi, leo mama amejua kuinama!”

Bibi alilitazama lile furushi.

“Ndio, mwanangu,” mama alisema. “Kumbe si kazi.”

Baba alimsalimu bibi kwa adabu, akaiwasha pikipiki, akaenda zake. Ijumaa ilipofika sisi tulikuwa bado Bondeni. Na iliyofuata.

Nilishakuwa mtu mzima nilipoelezwa kwamba talaka ilitolewa jana yake, na kwamba mume mwenyewe kumrudisha mke kwao, kama alivyomchukua, kwetu kulihesabiwa jambo la heshima. Lakini la kona nilijielewesha mwenyewe. Miaka yote ile mama alijikaza kwa sababu alikuwa na kitu alichoogopa kisianguke. Asubuhi ile hakuwa nacho tena.

Sikulia wakati ule, na hata sasa nikilikumbuka silii. Nimepanda pikipiki za miji mingi, na madereva hunisifu. Husema mimi mwepesi, kwenye kona ni kama hawakubeba mtu. Huniuliza nimejifunzia wapi.

Huwaambia Mombasa.