Kituo cha Chini

Machimbo ya makaa ya mawe yaliyo juu ya kijiji chetu yalifungwa miaka ile mali za umma zilipokuwa zikiuzwa. Kampuni iliyoyachukua ilitakiwa kufukia mashimo, kupanda nyasi na miti, na kuchimba mitaro ya kupeleka maji ya mvua kwenye bwawa la kutulizia tope. Nilikuwa na elimu ya kidato cha nne na nyumba yangu ilikuwa karibu, wakaniajiri kupima maji.

Nilichota kwenye vituo vitatu: juu ya machimbo, mahali maji yanapotoka bwawani, na chini kwenye kisima. Tulikiita kisima, lakini lilikuwa dimbwi la kijito lililozungushiwa mawe, na nyumba zote za upande wetu zilikunywa hapo. Nilichovya karatasi ya kupimia asidi, nikatazama rangi, kisha chupa zikapelekwa maabara mjini Tukuyu. Maji yaliyopita kwenye makaa huchachuka, na hilo ndilo tulilopewa kulizuia.

Shida yangu ilikuwa mkamwana wangu. Kwa desturi yetu Wanyakyusa, mke wa mwanao hakutani nawe, hakutazami, hakutaji. Mjini watu walishaanza kula meza moja na wakamwana zao. Mimi niliishika desturi na nikajisifu kwa kuishika. Sasa kila nilipoteremka kisimani nilimkuta. Nilikohoa mbali, naye akakimbilia migombani na kitenge usoni, mtoto akirukaruka mgongoni, ndoo imeachwa imelala. Niliona namtesa. Basi nikaanza kuchota kwenye daraja la miti, juu kidogo ya kisima, na kwenye chupa nikaandika vilevile: kisima. Kijito ni kile kile, nilijiambia. Msimamizi sikumwambia.

Mvua za Rungwe hazipumziki. Mwaka huo nyasi tulizozipanda wenyewe ziliziba mtaro, maji yakarundikana, yakajipenyeza chini ya tuta la bwawa na kutokea kijitoni kati ya daraja na kisima. Karatasi yangu haikuonyesha kitu.

Jioni moja mke wangu aliniambia mkamwana analalamika kwamba mawe ya kisima yameota utando mwekundu, na mtoto anaharisha. Nilicheka. Nikasema labda ni kutu ya ndoo yake.

"Wewe kila wiki unashika hayo maji," mke wangu akasema. "Umeuona huo utando au hujauona?"

Nikamjibu vipimo ni vizuri.

Siku chache baadaye nilikuwa bwawani nikifyeka, nikasikia hatua nyuma yangu. Mkamwana wangu alisimama kwenye njia, amenipa mgongo, kitenge kichwani, ndoo mkononi. Mtoto mgongoni ndiye aliyekuwa akinitazama, macho yameingia ndani. Alisema na mtoto, asiyejua bado kutamka hata mama.

"Mwambie babu yako nimemletea maji ya kisima. Akiyaona ni mazuri, ayanywe."

Akaweka ndoo chini, akaondoka bila kugeuka.

Nilichovya karatasi. Ikawa nyekundu hata kabla sijaitoa.

Nilimweleza msimamizi yote, pamoja na zile chupa za uongo. Hakunifukuza mara moja. Alinitaka kwanza niongoze vibarua kuzibua mtaro na kushindilia tuta, kisha wakamwaga chokaa ya kupunguza asidi. Kisima kilifungwa, wanawake wakapanda kilima cha pili kufuata maji, na kila aliyepita mlangoni kwetu na ndoo alijua kwa nini. Mtoto alipelekwa hospitali, akapata nafuu. Daktari hakusema ni maji, wala hakusema si maji. Mwanangu hakungoja asikie zaidi. Alihamishia familia yake Bulyaga, kule mjini, kwenye maji ya bomba.

Kabla hawajaondoka nilimtuma mke wangu akaniombee radhi kwa mkamwana, kwa kuwa mwenyewe nisingeweza kuingia nyumba ile. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alianza kuosha vyombo, ikabidi nimuulize amejibiwa nini.

"Amesema amesikia."

Nikauliza kama ni hilo tu.

"Ni hilo tu, Mzee."