Vijimboga Tu

Kuna karatasi katika ofisi ya kata yetu inayosema kwamba sisi hatuzalishi kitu cha maana. Watu wakisikia habari zake hukasirika, wakauliza ni mgeni gani asiye na haya aliyeiandika. Niliiandika mimi. Kitovu changu kimezikwa hapa, na mwandiko ni wangu.

Aliyenituma ni mtendaji wa kata, mtu aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, Kishambaa hajui hata salamu. Wilayani walitaka taarifa ya kila kata: jiografia, watu, uchumi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwandiko wangu unasomeka, na wazee wananifungulia mlango. Akaniambia, "Mwalimu, nisaidie. Kata zitakazoonekana zina mazao ndizo zitakazofikiriwa kwenye madaraja."

Niliposikia neno daraja nilimwona mama yangu. Kati ya mashamba yetu na barabara inayokwenda Mlola kuna mto. Daraja la mbao lilichukuliwa na mvua, na sasa tunavukia magogo mawili ya mkaratusi yaliyolazwa sambamba. Fuso la wachuuzi husimama ng'ambo, kwa hiyo kila siku ya gulio wanawake wanavuka na mizigo kichwani. Mama yangu, mwenye goti bovu, yumo. Rafiki yake aliteleza pale akavunjika nyonga, na mpaka leo hatoki uani kwake. Nilitaka mama yangu asianguke. Hilo tu ndilo lililonitoa nyumbani na kalamu.

Sehemu ya jiografia niliiandika kwa raha. Niliandika kwamba tumekaa kwenye mgongo wa mlima, mashamba yamekatwa ngazi kwa ngazi na kushikiliwa na miti ya mikabela, na kwamba hapa mtu anavaa sweta mpaka atakaposhuka kwenye joto la Mazinde, ambako atalivua. Sehemu ya watu nayo haikunishinda: Washambaa wengi, Wambugu wachache, walimu wenzangu kutoka Tanga, na jirani yetu aliyekuja kutoka mashamba ya chai Kwamkoro akaolewa hapa na sasa anakisema Kishambaa kuliko sisi. Nikafika kwenye uchumi.

Nilianza na mama, maana ndiye wa karibu. Alikuwa anapalilia karoti. Nikamwamkia, nikafungua daftari, nikamuuliza rasmi kabisa analima nini.

"Mwanangu, nalima nini mimi," akasema bila kuinua kichwa. "Ni vijimboga tu."

Nikaandika: mboga kidogo. Jirani wa pili akasema wanaparuaparua tu. Mzee mmoja, ambaye viazi vyake vinajaza fuso zima, aliguna akasema, "Tunashukuru, hatulali njaa." Nikaandika: chakula cha nyumbani. Yule wa Kwamkoro, mwenye miti ya matunda damu iliyoinamia paa la nyumba yake kwa kuzaa, aliniambia ana vimiti viwili vitatu vya watoto. Nikaviandika navyo.

Kwetu mwenye shamba halisifu shamba lake. Ukilisifu, husda inasikia, na wiki inayofuata utaona majani yanajikunja. Hata mtu akikuta umebeba tenga lililokuelemea, utamwambia umebeba kidogo tu, naye atakuitikia kwa adabu kana kwamba macho hana. Haya nayajua tangu nanyonya. Lakini chuoni nilifundishwa kwamba mhojiwa akisema, unaandika alivyosema, usiongeze lako. Nikawa mtiifu kwa chuo, nikawa mjinga kwa kwetu. Mgeni angekosea kwa kutojua. Mimi sina hata kisingizio hicho.

Wiki chache baadaye afisa alikuja kutoka wilayani, tukakusanyika katika darasa la saba. Alisoma taarifa yangu kwa sauti, kijana mpole, hakuwa na ubaya. Alisema kata yetu ina hewa nzuri na watu wakarimu, ila kilimo chake ni cha kujikimu, na kwa hali hiyo daraja itabidi lisubiri. Nikatazama madawati. Yamekaa pale maharage, viazi, kabichi, karoti na mapeasi ya nusu ya soko la Tanga, yamefunga vilemba, yamenyamaza.

Nilisimama. Nilisema taarifa ni yangu na ni ya uongo, ingawa kila neno ndani yake nililisikia kwa masikio yangu. Nikataja mashamba, moja baada ya jingine. Nilikuwa na hasira, na niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Afisa alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, nakuelewa. Lakini wakulima wenyewe wako hapa. Mama zangu, ni kweli anayosema?"

Wakainamia madawati. Mama yangu alikuwa anakunja ncha ya kanga yake, anaikunjua, anaikunja tena. Nilimchukia kwa dakika ile, na sioni haya kulisema.

Afisa akafunga jalada. Akasema atarudi siku ya gulio aone mwenyewe, halafu ndipo atakapoipeleka wilayani orodha ya madaraja. Akishaipeleka, hakutakuwa na marekebisho.

Nyumbani mama ndiye aliyeanza ugomvi. "Nimekuambia vijimboga, nawe ukaandika vijimboga?"

"Niliandika ulivyosema."

"Umezaliwa kwa nani wewe, hujui tunavyosema?"

"Yule hajui, mama. Hakuzaliwa hapa. Atakachoandika ni kile utakachomtamkia."

"Kizuri chajiuza," akasema.

"Kinajiuza kikifika sokoni. Chako kinavuka kwenye gogo."

Aliniwekea chakula akaenda kukaa nje, na siku mbili nzima alinisemesha kwa kifupi. Sikumwomba radhi. Nilikuwa nimekosa, ndiyo, lakini sikutaka tena adabu yetu iwe ndiyo inayotuzika.

Siku ya gulio mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na mto ulikuwa mwekundu. Afisa alikuwa ng'ambo, suruali imekunjwa, viatu vimejaa tope, mtendaji kamshikia mwavuli. Mimi nilikuwa upande wa kwetu na mzigo wangu, nyuma ya mama kwa watu kama watano. Mama alipanda gogo akiwa na tenga la kabichi kichwani. Alikwenda ubavuubavu, goti zima mbele, bovu likifuata. Niliona gogo linazunguka kidogo chini ya mguu wake.

Alipofika hatua mbili kutoka ukingoni, afisa alimwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Pole na mzigo. Umebeba nini?"

Mama hakufikiri. Jibu lilimtoka lenyewe kama lilivyomtoka maisha yake yote. "Ni vijimboga tu, baba."

Kijana aliinamisha kichwa kwenye jalada lake, akaanza kuandika.

Mama alisimama. Alisimama palepale juu ya gogo, maji yanapita chini yake, na sisi tuliokuwa nyuma tukalazimika kusimama pia. Akamalizia hatua zile mbili, akateremsha tenga, akaliweka chini mbele ya viatu vya yule kijana.

"Futa," akasema.

"Mama?"

"Futa hiyo uliyoandika. Andika kabichi. Hizi ni za leo, nyingine nimeziacha shambani kwa sababu kichwa ni kimoja. Andika karoti, ngazi sita, hazijang'olewa. Andika maharage. Andika viazi, msimu huu vimekubali sana." Hapo akatema mate pembeni, kama anavyofanya mtu anayemkemea shetani, kisha akaendelea. "Vimekubali kuliko vya mtu yeyote huku juu. Andika hivyohivyo. Na mwalimu yule pale nyuma ni mwanangu, muulize kama nasema uongo."

Kijana alifuta. Akaandika, mama akimsimamia kuhakikisha kalamu inakwenda. Alipomaliza, mama alijitwika tenga lake akapanda kuelekea kwenye fuso bila kuaga.

Yule wa Kwamkoro ndiye aliyefuata. Alivuka, akatua kikapu, akasubiri aulizwe. Nyuma yake mama wa tatu, na wa nne, wote kwenye mvua, wamesimama kwenye magogo mawili yanayoteleza. Mtendaji aliwaambia wapite kwanza, wasije wakaanguka, wataandikwa baadaye huko sokoni. Walimsikia vizuri sana. Hakuna aliyepita kabla ya kuandikwa.